Shawa inayounguza na kugandisha: anzia kwenye tangi, si dukani

Unaoga, maji yamekukolea vizuri, mara mtu anafungua bomba jikoni na wewe unaruka pembeni kwa kuungua. Wengi wanasema koki imezeeka. Yetu kweli ilikuwa imezeeka, mipira imekwisha na mkono wa maji moto unazunguka bure, lakini fundi bomba tuliyemwita hata hakuishika. Aliuliza kwanza: maji baridi yanatoka wapi?

Kwa nyumba nyingi za hapa Arusha jibu ni hili: baridi inatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, moto unatoka kwenye hita inayolishwa na tangi la juu. Nguvu za maji hazilingani, na ya bomba la mtaani hubadilika kutwa nzima. Hapo hata ukifunga koki ya bei mbaya, itahangaika tu. Tukahamisha laini ya baridi ya bafuni ikatoka kwenye tangi lile lile, na nusu ya tatizo ikaisha kabla ya kununua chochote.

Ndipo tukaweka koki ya thermostati. Ndani yake kuna nta inayotanuka maji yakizidi moto na kusinyaa yakipoa, hivyo inajirekebisha yenyewe. Nyingi zina kizuizi kwenye nyuzi 38. Kwa nyumba yenye watoto ningeichagua hata kama shawa haisumbui, maana maji ya nyuzi 60 kutoka kwenye hita yanaunguza ngozi kwa sekunde chache.

Ila soma boksi. Kila mita moja ya kimo cha tangi inakupa presha ya takriban baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha presha), tangi likiwa mita tatu juu ya shawa una 0.3, na koki nyingi za aina hii zinataka 0.5 au hata 1. Tafuta ya presha ndogo, la sivyo utaongeza pampu. Pima pia umbali kati ya mabomba mawili ukutani. Kipimo cha kawaida ni milimita 150, na ukikosea hapo vigae vitabomolewa.

Siku ya kufunga koki, zima umeme wa hita kabla ya kufunga maji. Acha mabomba yateme mchanga kwanza. Moto uingie kushoto; ukigeuza, thermostati haifanyi kazi kabisa. Vichujio vidogo vya kwenye maungio vifunguliwe mara kwa mara, maana ukoko mweupe wa maji yetu huziba haraka.