Umesoma fidla kwa noti na unataka kutengeneza muziki wa kudansi: jibu la mtu aliyepita humo

Mleta mada, umesema una cheti cha daraja la tano cha fidla, unapiga kwenye kikundi cha taarab, na sasa unataka kutengeneza muziki wa kielektroniki wa kuchezeka. Umeuliza mambo mawili: kama ile miaka ya kusoma noti imepotea, na uanzie wapi. Waliotangulia wamekuorodheshea programu za kununua. Mimi nimepita njia hiyohiyo. Nilisoma fidla Unguja, katika chuo kilichofunguliwa 2002 ndani ya jengo la forodha ya zamani, nikakaa safu ya nyuma ya orkestra ya taarab, kisha nikahamia Dar es Salaam ambako leo natengeneza house, muziki wa kudansi wa kompyuta, na singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Miaka haijapotea. Ila vile unavyodhani vitakusaidia, yaani akodi, skeli na kusoma karatasi, vitakusaidia kidogo tu. Kitakachokubeba ni sikio: uwezo wa kusikia kwamba noti imekaa au haijakaa, na uwezo wa kusubiri. Hivyo viwili vinachukua miaka kuvipata, na huwezi kuvipakua kwenye intaneti.

Anza na chini, kwa sababu ndiko masomo yetu hayakufika. Uzi mnene kuliko wote wa fidla, ule wa G, hutetemeka mara 196 kwa sekunde. Shuka oktava mbili kamili, unafika hezi 49, yaani mitetemo 49 kwa sekunde. Eneo hilo, kuanzia hezi 40 hivi hadi 100, fidla hailigusi, na ndipo kiki, lile pigo zito la ngoma kubwa, na besi zinapogombania nafasi karibu kwenye kila wimbo wa kudansi. Spika ya simu hailitoi, ya laptopu vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu wa fidla akiketi mbele ya kompyuta huanza kupamba juu, anaweka nyuzi, piano na milio mizuri mizuri, na huku chini anaacha patupu au pamevurugika. Wimbo ukipigwa ukumbini, watu wanausifia wakiwa wamekaa.

Lakini angalia silaha uliyonayo. Ulipokuwa unatuni, ulifundishwa kupiga nyuzi mbili kwa pamoja na kusikiliza mawimbi yanayopiga kati yake. Yakienda haraka, nyuzi ziko mbali, yakipungua kasi, zinakaribiana, yakitoweka, zimekaa. Chini kule mambo ni yaleyale. Kiki ndefu iliyokaa kwenye A ya hezi 55, na besi iliyoshika G ya hezi 49, zikilia pamoja zinatoa mtikisiko wa mara sita kwa sekunde. Prodyuza ambaye sikio lake halijazoea atasema besi inavuruga, ataanza kukata huku na kule kwa ikwalaiza, kile kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti za juu na za chini. Wewe utautambua ule mtikisiko mara moja kwa sababu umeuwinda tangu siku ya kwanza ya kushika fidla. Utapandisha au kushusha kiki ikae kwenye ufunguo wa wimbo, au utaifupisha iishe kabla besi haijaingia. Nimekaa studio na vijana wenye kipaji kikubwa kunizidi, na hilo tu ndilo lililonifanya waniite tena.

Kwa hiyo zoezi langu la kwanza kwako ni hili. Kwa wiki kadhaa tengeneza vipande vyenye kiki, besi na chombo kimoja tu cha juu. Akodi weka pembeni kabisa. Sikiliza kwa hedifoni zinazofika chini, kisha mfuate mtu mwenye mitambo ya shughuli, umwombe dakika tano mchana wakati anafunga spika zake. Dakika hizo tano zina faida kuliko mwezi wa kusikiliza chumbani.

Kasi nayo inataka uizoee kwa mwili. Mimi nimejifunza zaidi kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani, vya Manzese kuliko kwenye kitabu chochote. Singeli inakwenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, nyingine zinazidi. Kwenye mapigo 300, pigo moja ni sehemu ya tano ya sekunde, na kipimo kizima cha mapigo manne kinaisha kabla sekunde haijatimia. Melodi ndefu ya darasani haipati nafasi ya kusikika hapo. Kinachosikika ni kipande cha noti tatu au nne kinachojirudia huku mlio wake ukibadilika taratibu. Na watazame wachezaji: viuno viko kwenye nusu ya kasi, miguu kwenye kasi kamili, na msanii anaghani juu ya vyote viwili. Ukiliona hilo kwa macho yako, utaelewa kwa nini besi ya singeli haihitaji kukimbia pamoja na kiki.

Hapohapo kuna suala la mwangwi. Sisi wa fidla tumelelewa kupenda kumbi zinazorudisha sauti. Mwangwi wa sekunde mbili kwenye wimbo wa mapigo 280 unafunika zaidi ya mapigo tisa, yaani kila noti inalala juu ya tisa zinazofuata. Ufupishe hadi chini ya nusu sekunde, au iache fidla kavu. Kwenye house ya mapigo 120 una nafasi zaidi, unaweza kuinyoosha.

Sasa nije kwenye utajiri wako ambao aliyesoma piano peke yake hana. Umepiga Rast na Bayati, maqamu za taarab, yaani mipangilio ya noti yenye sauti zisizopatikana kwenye piano. Unajua kwamba Rast ikianzia C, E yake si E ya piano wala si E ya kushushwa, inakaa katikati. Kompyuta kwa kawaida inaigawa oktava sehemu 12 zilizo sawa, senti 100 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti), na noti hiyo haimo. Wengi wakifika hapo hugeuza Rast kuwa meja na Bayati kuwa maina, na wimbo unapoteza kabisa ladha ya pwani. Usikubali, kwa sababu njia ipo.

Mfumo wa MIDI, ambao tangu 1983 ndio unaoviunganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki na kompyuta, una hatua 16,384 za kupinda noti, nusu juu na nusu chini. Sinthesaiza nyingi zimepangwa zipinde nusu toni mbili kila upande, maana yake senti 200 kwa hatua 8,192. Basi E ya Rast, senti 50 chini ya E ya kawaida, ni hatua 2,048 chini ya katikati. Shida ni kwamba mpindo huo unashika chaneli nzima: ukipiga noti tatu kwa pamoja, zote zinashuka. Melodi ya maqamu, kwa hiyo, iweke kwenye chombo kinachopiga noti moja moja, chenye chaneli yake. FL Studio, programu ambayo maprodyuza wengi wa mtaani wanaitumia, inakuruhusu kushusha noti moja peke yake kwenye vyombo vyake vya ndani. Ableton Live nayo, tangu toleo la 12 la mwaka 2024, inakubali mifumo mingine ya kutuni. Hizo senti 50 ni pa kuanzia tu. E ya Bayati kwa kawaida hukaa chini kidogo kuliko ya Rast. Shika fidla, piga ile noti unayoiamini, kisha isogeze ya kompyuta hadi mawimbi yatoweke.

Na mtu asikuambie unabandika kitu kigeni. Singeli yenyewe ilitoka uswahilini Dar, Manzese, Tandale na Mburahati, kwa vijana kuchukua vipande vya vinanda vya taarab, kuvizungusha na kuvikimbiza, juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na mchiriku, muziki wa mtaani wa Dar uliotangulia, na vile vinanda vidogo vya Casio. Tangu 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoanza kuitoa, singeli ya Mburahati imepigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Ndani ya sauti ile taarab imo tangu mwanzo. Wewe unaingia kwa mlango wa mbele.

Kuhusu umbo la wimbo nina imani kubwa na bashraf, ule utunzi wa ala tupu wa taarab. Waliolelewa kwenye sonata wanataka kila sehemu iikuze iliyotangulia. Wakifika dakika ya tatu wimbo una mawazo saba na mchezaji hajui ashike lipi. Kwenye bashraf khana (sehemu mpya) inakwenda, taslimu (sehemu ya kurudia) inarudi, khana nyingine inaondoka mbali zaidi, taslimu inarudi ileile, na ukumbi mzima ulikuwa unaisubiri. Muziki wa kudansi unaishi kwa kusubiri huko. Jenga wimbo wako hivyo: sehemu moja irudi bila kubadilishwa noti hata moja, na zile za kati ndizo zitoke kwenda kutembea. Juu ya hapo ongeza vipimo 16 au 32 vya ngoma tupu mwanzoni na mwishoni ili DJ apate pa kuingilia na pa kutokea. Taqsim, pale ala moja inapobuni peke yake, nayo ina kazi yake. Chukua kipande kimoja kinachojirudia, shika kitufe cha filta, kinachozuia au kuachia milio ya juu, ukifungue kwa dakika mbili nzima kwa subira ileile unayoitumia kuonyesha maqamu noti kwa noti. Watu wa noti za Kizungu huona dakika mbili hizo ni ndefu mno. Aliyekaa chini ya mpiga kanuni hodari (kanuni ni ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab) hawezi kuziona ndefu.

Usidhani uko peke yako katika kuvuka huku. Mwaka 1944, Cairo, mtunzi Halim El-Dabh alirekodi kwa mashine ya waya sherehe ya zar, ngoma ya pepo ya wanawake, kisha akaingia studio ya redio akaondoa sauti za msingi na kubakiza mwangwi na milio ya juu. Huko Cairo ndiko Sultani Barghash wa Zanzibar alikompeleka mwanamuziki Mohamed Ibrahim kujifunza kanuni. Karibu na zama zetu yuko Francesco Tristano wa Luxembourg, mpiga piano aliyesoma Juilliard, anayepiga Bach na tekno bila kuomba radhi kwa upande wowote. Na kuna waliovuka kutoka ng'ambo ya pili: mwaka 2005 Jeff Mills, DJ wa Detroit, alipiga na orkestra ya Montpellier pale Pont du Gard, Ufaransa. Orkestra ile haikuitwa kuupamba muziki wake. Ilibidi ishike mapigo yake.

Kitu kimoja kuhusu kurekodi fidla yako, maana hapa ndipo utawashinda wanaonunua nyuzi za kompyuta. Ukitaka ule mlio wa safu ya fidla za taarab, usirekodi mara moja na kunakili. Nakala mbili za sauti ileile zinaongeza ukubwa tu, desibeli sita, hazizai safu. Piga upya kutoka mwanzo mara nne au tano, kila mara badilisha umbali wa maikrofoni, na usinyooshe kila noti ikae kwenye gridi, ile mistari ya muda ya kompyuta. Tofauti ndogo za muda na za tuni kati ya rekodi zako hizo ndizo zinazozaa ule mng'ao. Ngoma zikae kwenye gridi, fidla ziachwe zipumue.

Hilo linakuokoa pia kisheria. Vijana wengi wanakata vipande kwenye rekodi za zamani za taarab bila kuuliza, na rekodi ina mwenyewe hata kama wimbo ni wa siku nyingi. Kwa mambo ya hakimiliki, Bara kuna COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA. Kabla ya kutoa wimbo nenda kaulize na usajili kazi yako. Lakini wewe una mikono. Tunga kipande chako mwenyewe kwenye Bayati, kipige, kizungushe, na hakuna atakayekudai.

Utaambiwa ni uhuni. Mimi nimeambiwa, na watu ninaowaheshimu, na kwa upande mwingine nimeambiwa na vijana kwamba fidla ni ya wazee. Nimewajibu wote kwa kazi. Mzee mmoja wa orkestra yetu alisikiliza wimbo wangu wa mapigo 240 hadi mwisho, akanirekebisha E yangu. Kwangu hiyo ni heshima kubwa, kwa sababu aliisikia kama muziki.

Kuhusu programu, usiumize kichwa. Anza na FL Studio ya majaribio ujue kama unaipenda. Inahifadhi kazi ila haitaifungua tena mpaka ulipie, kwa hiyo hamisha kila kipande kama faili la sauti kabla hujafunga. LMMS ni bure kabisa na inatosha kwa zoezi la kiki na besi. Pesa ya kwanza weka kwenye hedifoni na maikrofoni.

Niambie kompyuta yako ina uwezo gani na kama una kadi ya sauti ya nje, nikupangie namna ya kuunganisha maikrofoni. Na ukimaliza kipande cha kwanza cha kiki, besi na chombo kimoja, kiweke humu. Nitasikiliza chini kwanza.