Kabla ya Kupanda Mikoko, Kaeni na Wanaoitumia

Kwa muda ambao nimeshiriki kazi ya mikoko katika pwani ya Kwale, nimeona kwamba walinzi halisi wa msitu ni wale wanaoingia humo kila siku: wakata boriti, wavuvi wa kaa, akina mama wanaookota kuni na wafuga nyuki. Kwa hiyo kijiji kinachotaka kuhifadhi mikoko yake kiwaite watu hao kwanza, kabla ya kutafuta mfadhili au kuandaa miche, kwa kuwa mtu aliyekatazwa kukata boriti bila kuonyeshwa pa kupata nyingine ataendelea kukata usiku.

Wenzetu wa vijiji vya Gazi na Makongeni, hapo Kwale, walilizingatia jambo hilo. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na unaolinda hekta 117 za mikoko kwa mapato ya biashara ya kaboni, yaani malipo kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti, uliambatana na upandaji wa mivinje ili watu wapate nguzo na kuni kwingine, na fedha zake zimesaidia maji na shule kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Nanyi msikubali mradi ambao hesabu zake hazisomwi barazani, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Kuhusu upandaji wenyewe, waulizeni wavuvi wazee ni mti gani uliokuwa ukiota wapi. Wageni wengi hupenda aina ile iitwayo mkoko hasa, kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa tu topeni, lakini upande wa bahari, kunakopigwa na mawimbi, ni makao ya aina nyingine, mlilana, ambao mbegu zake ndogo huhitaji kitalu na subira, ilhali aina ya tatu, mchu, huvumilia chumvi kali ya upande wa nchi kavu. Niliwahi kushuhudia miche ya mkoko ikipandwa kwenye mchanga wazi ambao haukuwahi kuwa na mti, na ilinisikitisha sana, kwani karibu yote ilisombwa.

Tena, pale palipokatwa miti lakini maji bado yanajaa na kupwa vizuri, na miti mizazi ipo karibu, mbegu zinazoelea hujipandia zenyewe. Hapo wekeni doria ya vijana wa kijiji, zuieni mbuzi na ng'ombe, na waacheni wavuvi wa kaa waendelee na kazi yao, maana wao ndio watakaowaletea habari za shoka.