Gari gani inashika bei Unguja? Jibu la aliyekwishapoteza milioni 13

Assalaamu alaykum jamani.

Mwalimu wa Fuoni kauliza humu juzi. Mchezo wao wa kuchangiana pesa umemtokea, akaongeza na akiba yake, ana milioni 15 mkononi. Anataka gari ya kupelekea watoto skuli na kwendea kwao Makunduchi, ila sharti lake isishuke bei, maana kaambiwa gari nzuri ni uwekezaji. Machoni ana tatu: Toyota IST, Toyota RAV4, na moja ya Kijerumani ambayo dalali anamkimbiza nayo asubuhi na jioni kwa "bei ya kutupa". Wengi mmemjibu kwa neno moja, Toyota. Sawa, lakini mimi nina Toyota iliyonitia hasara na Suzuki ya kubebea saruji iliyonijengea msingi wa nyumba, kwa hivyo nivumilieni, nitaandika kirefu.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi Kwerekwe. Tangu 2009 nimemiliki gari sita, zote za mkononi, zote za hapa hapa Unguja. Shemeji yangu ni fundi, na mengi ninayoyasema nimeyasikia nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu gerejini kwake nikisubiri.

Nilichokuja kuelewa, tena kwa kuuza na sio kwa kununua, ni kwamba gari hapa kwetu inashika bei ikiwa na wanunuzi wengi ndani ya kisiwa hiki hiki, na mafundi wanaoifungua huku wanapiga soga. Kumbuka, mwalimu, gari yako ina namba ya Z. Kuivusha ikaishi Bara kuna taratibu zake za forodha na usajili, na mtu wa Dar ana yadi zake kwao, hana sababu ya kuja kuhangaika na yako. Soko lako linaanzia Nungwi na kumalizikia Makunduchi. Ukiwa na kitu ambacho watu wanne tu kisiwani wanakitaka, na watatu kati yao hawana pesa mwezi huu, bei anapanga huyo wa nne.

Huyo wa nne nilikutana naye mwenyewe.

2018 nilipata tenda nzuri ya kupeleka saruji na nondo kwa mjenzi mmoja upande wa Chukwani. Kichwa kikavimba. Nikanunua gari ya Kijerumani, modeli siitaji, milioni 21, kwa mtu aliyekuwa anahama. Viti vya ngozi, na mlango ukiufunga unalia "duf" kama mlango wa sefu. Kusema kweli mlango ule ndio ulioninunuza. Miezi mitatu nilikuwa natafuta sababu ya kupita Darajani nionekane.

Mwezi wa nne ikawaka taa ya injini. Shemeji akachomeka kipimo chake, akakitazama, akakichomoa, akajifuta mikono. "Hii inataka kompyuta yake," akasema, kwa sauti ya daktari anayekuambia umpeleke mgonjwa hospitali nyengine. Wenye kompyuta yake walikuwa wachache, na kila mmoja anajua kuwa huna pengine pa kwenda. Kisha ukapasuka mpira wa maji, tena sio mpira, ni bomba la plastiki lililokauka kwa joto. Kwa Toyota kitu kama kile unakipata dukani kabla chai haijapoa. Hili lilikwenda kutafutwa Dar, likakosekana, likaagizwa Dubai. Wiki tatu gari imekaa, na lilipokuja lilikuwa laki nne na themanini. Halafu ikaja giaboksi kupiga teke ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, hapo nikasema basi.

Nikaitangaza milioni 17. Wakaja vijana, wakakaa, wakabonyeza kila kitufe, wakajipiga picha kwenye stelingi, wakasema watarudi. Nikashusha 15. Nikashusha 12. Miezi kumi na moja ilikaa chini ya mwembe nyumbani, kuku wakaifanya banda, kinyesi cha kuku kikala rangi ya boneti. Mwisho nikachukua milioni 8 taslimu, na nilimshukuru yule kijana kutoka moyoni. Kwa hivyo "bei ya kutupa" anayokwambia dalali ni kweli, yupo anayetupa. Usiwe wewe wa kuokota.

Sisemi gari zile mbovu. Kwao zinaheshimika, na barabarani zinatulia kuliko hizi zetu. Ila huku unanunua gari pamoja na mafundi wake na spea zake, na hivyo viwili vya mwisho havikuja na meli.

Sasa IST. Yangu niliinunua 2017 milioni 11 na nusu, ile ya umbo la mwanzo, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, injini ya 1NZ. Injini hiyo ya cc 1500 ndiyo hiyo hiyo utaikuta kwenye Probox, Ractis, Porte, Fielder na Vitz baadhi. Ina cheni badala ya mkanda, giaboksi yake ya hatua nne kila fundi ameshaishusha mara ngapi sijui. Ndio maana spea yake haikosekani, na ndio maana mtu akikuuliza bei anauliza akiwa na pesa. Nimekaa nayo miaka saba, nimebadilisha shokapu, bushi, kompresa ya AC na betri zisizo na idadi. 2024 nikaiuza milioni 11. Ilitangazwa Alkhamisi, Jumamosi imeondoka.

Hapo ndipo watu husema "unaona, haikushuka!" Taratibu. 2017 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,200 na kitu, kwa hivyo nilitoa kama dola 5,150. 2024 dola ilishapita 2,600, kwa hivyo nilipokea kama dola 4,200. Karibu dola elfu moja imekwenda, na shokapu sijazihesabu. Kilichoshuka ni shilingi, na gari inayokuja leo na meli bei yake imepanda, ndiyo ikaivuta na ya zamani juu kidogo. Kwa miaka saba ya kupeleka watoto skuli, dola elfu moja ni hasara ninayoikubali bila ya kununa. Lakini ni hasara, mwalimu. Anayekwambia utauza kwa faida, muulize yeye aliuza ipi.

Na gari inayokuja na meli usiiote sana. Bei unayoiona kwenye mnada wa Japani ni mlango tu. Ushuru wa forodha peke yake ni asilimia 25 ya thamani ikiwa pamoja na nauli na bima, na juu yake kuna kodi nyengine, na ikiwa kuukuu zaidi inaongezewa ya uchakavu. Kwa milioni 15 nunua iliyokwisha kulipiwa yote hayo na mtu mwengine.

RAV4 ni habari ndefu kidogo. Watu wanaipenda hapa kwa sababu ya watalii, ndiyo gari ya kukodishwa Paje, Jambiani na Nungwi, yenyewe na Escudo. Mwanzoni mwa 2019 nilinunua moja milioni 14, nikampa kijana wa Paje aikodishe. Msimu wa Julai hadi Septemba ilikuwa haipoi, dola 25 mpaka 30 kwa siku, tunagawana baada ya matengenezo. Nikaanza kupiga hesabu ya ya pili. Machi 2020 ndege za watalii zikakatika. Ilikaa mpaka nyasi zikaota chini yake, na wenye RAV4 kumi kumi nao wakaanza kuziuza siku moja na mimi. Agosti niliitoa milioni 9. Aliyeinunua alikaa nayo, watalii wakarudi, akarudisha pesa yake na ziada. Gari ile ile. Kwa hivyo RAV4 inashika bei, naam, ila bei yake inafuata ndege, na mwenye mshahara wa kusubiri mwisho wa mwezi hawezi kufuata ndege.

Halafu RAV4 sio moja. Zile za zamani, za kati ya 1994 na 2000, zenye injini ya 3S, mafundi wanazipenda kama wajukuu. Zilizofuata, mpaka 2005, nyingi zilizotoka Japani zina injini ya D-4. Humo petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, haipiti kwenye vali za hewa ikazisafisha, kwa hivyo masizi yanajikusanya, na pampu haitaki mafuta machafu. Noah za umri huo nazo mara nyingi ni hivyo hivyo. Ndio maana utakuta RAV4 kuukuu inaulizwa bei karibu na mdogo wake. Fungua boneti, soma kifuniko cha injini. Kikiandikwa D-4, kata bei au aga.

Zilizonilipa kweli ni mbili, na zote mbili hakuna aliyewahi kujipiga nazo picha. Hiace ya daladala, 2012 hadi 2016, injini ya 3L ya dizeli, hesabu elfu arubaini kwa siku dereva akiwa na roho nzuri. Niliiuza milioni tatu chini ya nilivyonunua na sikujali. Na kirikuu yangu, Suzuki Carry, cc 660, ambayo kiwandani walisema ibebe kilo 350. Ni mifuko saba ya saruji hiyo. Sisi tunapakia kumi na nne na tunamwomba Mungu. Ninayo mpaka leo. Ikiwa mtu anataka neno uwekezaji kwenye gari, basi ni hapo, gari inayorudi jioni na pesa. (Baba yangu angebisha. Yeye anaamini kitu pekee chenye magurudumu kisichoshuka bei Unguja ni Vespa, na yake anaifunika shuka usiku.)

Ndugu wa Pemba mliouliza pia: hesabu ni hiyo hiyo, ila soko lenu jembamba zaidi, na vilima vinakula breki. Gari yenye wanunuzi wachache Unguja, ukiwa Wete hesabu kuwa utailipia meli kuja kuiuza huku.

Sasa lililo kubwa kuliko jina la gari. Chumvi. Nimeona IST mbili za mwaka mmoja, moja imelala Fuoni na nyengine imelala Jambiani mita hamsini kutoka pwani, tofauti yao milioni nne. Upepo wa kusi hauchagui modeli. Mwalimu, ukienda kuangalia gari fanya hivi. Fungua buti, toa tairi la akiba, tia mkono chini ya zulia ukitafuta unyevu na magamba. Vuta kiti cha dereva mbele: reli ikisaga kama unatwanga karafuu, huo ni mchanga, gari hiyo imeishi pwani au imekodishwa, na dalali atakwambia ilikuwa ya mama mmoja wa Mazizini anayekwenda nayo sokoni tu. Kisha chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya milango na juu ya matairi. Inaponata, bati. Inapoteleza, puti, ile ya kuzibia bati lililoharibika. Niliwahi kuipitisha kwenye Vitz moja nyeupe, safi kama mayai, ikateleza kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma bila ya kunata hata pahala pamoja. Mwenye gari akaanza kutazama juu, kana kwamba mvua inakuja.

Wakikupa karatasi ya mnada ya Japani, usitazame namba ya daraja peke yake. Tazama ule mchoro wa gari: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula, W ni pahala paliponyooshwa. R kwenye daraja maana yake iligongwa ikatengenezwa. Na gari iliyotoka upande wa Hokkaido, kule hutia chumvi barabarani kuyeyusha theluji, kwa hivyo imeanza kuliwa kabla haijatuona sisi.

Kwa hivyo mwalimu, kama ningekuwa wewe: IST ya 1NZ, nyeupe au ya fedha maana nyeusi jua letu linaichuja, isiyolala pwani, isizidi milioni 11 na nusu. Pesa zinazobaki usizitie kwenye rimu. Bima, tairi nne, shokapu, na siku ya kwanza mpelekee fundi aipige dawa ya kutu chini. Ukisikia iliyopo Bububu ya milioni 10, nimeiona, iache, giaboksi inachelewa kushika ukitia rivasi.

Sumaku ninayo dukani, kwenye droo ya misumari. Pita uichukue, unirudishie.