Mwalimu mpya, anza na dizaini kabla ya kitabu cha kiada

Ukipangiwa somo na gredi, utakabidhiwa kitabu cha kiada, na utavutiwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Kiweke kando kwanza. Kinachokuambia mwanafunzi aweze kufanya nini ni muundo wa mtaala, ule ambao walimu wengi huuita dizaini tu, unaotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) hapa Nairobi. Kitabu ni namna moja ya kufika huko. Vitabu viwili vilivyoidhinishwa kwa gredi moja vinaweza kutofautiana kwa mifano, mazoezi na hata urefu wa sura, ilhali dizaini ni ile ile.

Hakikisha una toleo lililopo sasa. Mwaka 2024 miundo ilipunguzwa na masomo ya sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) yakatoka 14 hadi 9. Masomo ya afya yaliingizwa katika Sayansi Jumuishi, biashara na kompyuta zikaingia katika somo la awali la kiufundi (Pre-Technical Studies). Maazimio ya kazi, yaani mipango ya kufundisha ya muhula mzima, yanayouzwa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi yametokana na toleo la zamani, na muuzaji hakuambii. Utayatambua kwa kuyalinganisha na dizaini mada kwa mada: mada ndogo iliyomo ndani yake ikikosekana katika dizaini yako, maazimio hayo hayakufai, hata kama yamepangwa vizuri na yana nembo ya shule.

Katika jedwali la dizaini, nenda moja kwa moja kwenye safu ya matokeo maalumu, ile inayoanza “Kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze”. Pigia mstari vitenzi. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Tuseme mada ndogo ni vivumishi vya idadi, ina vipindi vitatu, na matokeo ni kutambua vivumishi hivyo katika matini, kuvitumia ipasavyo katika sentensi, na kuchangamkia matumizi yake katika mawasiliano. Kutambua ni maarifa, kutumia ni stadi, kuchangamkia ni mwelekeo. Kosa la kawaida ni kunakili matokeo yote matatu katika kila andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja), vipindi vyote vitatu. Gawanya: kipindi cha kwanza kutambua, cha pili na cha tatu kutumia, kwa sababu kutumia ndiko kunakowashinda wanafunzi wa Nairobi. Wanasema “vitu tatu” na “watu tano” tangu utotoni, na hawatabadilika kwa kuambiwa kanuni mara moja. Wape orodha ya kununua kwa mama mboga: vitunguu vitatu, maembe matano, nyanya tano, kisha machungwa sita. Waulize kwa nini “tano” limepata kiambishi kwa maembe na halikupata kwa nyanya, na kwa nini “sita” halibadiliki kabisa.

Kitenzi hicho hicho ndicho kinachoongoza tathmini. Matokeo yakisema kutumia, swali la “Kivumishi cha idadi ni nini?” halipimi chochote kilichoagizwa. Mwanafunzi atakariri maana, apate alama zote, na bado aandike “vitu tatu”.

Mapendekezo ya shughuli ni mapendekezo. Matokeo hayaguswi, lakini shughuli unaruhusiwa kuibadilisha. Dizaini ikitaja vifaa vya kidijitali na shule ina projekta moja inayogombaniwa, andika matini kwenye chati ya karatasi ya manila. Ikitaja ziara na hakuna nauli, tumia bustani ya magunia iliyo nyuma ya darasa, au soko lililo jirani. Piga pia hesabu ya muda. Darasa la wanafunzi 72 katika vikundi vya sita sita ni vikundi 12. Kila kikundi kikiwasilisha kwa dakika 3, dakika 36 zimekwisha, na kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Acha vikundi vitatu viwasilishe, vingine vibadilishane daftari na kusahihishana.

Hesabu nyingine ifanye kabla ya kuandika maazimio. Muhula wa wiki 13 wenye vipindi 4 kwa wiki una vipindi 52 kwenye karatasi. Toa 2 vya siku za kufungua shule, 2 vya mapumziko ya katikati ya muhula, 8 vya wiki mbili za tathmini, na 3 vya sikukuu na michezo. Unabaki na 37. Mwalimu aliyejaza 52 hujikuta mwishoni anafundisha mada mbili kwa siku, na muhula wa tatu, ulio mfupi kuliko yote, ndio humwumbua.

Umilisi wa kimsingi (uwezo kama mawasiliano na ushirikiano), maadili na masuala mtambuko (yanayogusa masomo yote) usiyanakili yote. Chagua moja au mawili yanayotokana na shughuli yenyewe, na useme yanajitokezaje. “Mawasiliano na ushirikiano: mwanafunzi anapomweleza mwenzake kwa nini sentensi si sahihi” inatosha.

Kwenye jedwali la viwango vya tathmini, tofauti kati ya kufikia matarajio na kukaribia mara nyingi ni neno moja, kama “baadhi”. Amua mapema neno hilo ni kiasi gani. Kwa sentensi tano, kwa mfano, nne sahihi ni kufikia, mbili au tatu ni kukaribia. Usipoamua, mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri atapanda kiwango bila wewe kujua. Kuzidisha matarajio nako si kupata zote: ni kufanya kilichozidi kitenzi, kama kusahihisha kosa la mwenzake na kueleza sababu.

Katika rekodi ya kazi, unapoandika ulichokwisha kufundisha, safu ya maoni usijaze “imefunzwa”. Andika “wanafunzi 20 bado wanakosea ngeli ya KI-VI, itarudiwa Jumatano”. Andalio la kipindi kinachofuata litaanzia hapo.