Kabla ya Kulipa Malipo ya Awali: Namna ya Kuwapata Watoa Huduma wa Harusi wa Kutegemewa

Nimekaa kwenye kamati za harusi kadhaa jijini Dar es Salaam, mara nyingine kama katibu na mara nyingine kama mweka hazina, na siku hizi swali la kwanza ninalomuuliza mtoa huduma halihusu bei. Namuuliza siku ya shughuli atakuja nani, na atafika saa ngapi. Akinitajia msimamizi wake kwa jina, akaniambia na muda ambao gari la vifaa litaingia ukumbini, tunaendelea na mazungumzo. Akianza kunipitisha kwenye picha zilizomo kwenye simu yake, namrudisha kwenye swali.

Shida ni Jumamosi. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi huahirisha sherehe mpaka Ramadhani ipite, kwa hiyo shughuli hurundikana katika wikiendi zinazobaki, hasa baada ya Pasaka na tena Desemba, watu wanapokuwa likizo. Mtoa huduma mwenye jina hupokea kazi mbili au tatu za siku moja na kuwagawia wasaidizi wake. Hakuna ubaya wowote kama amelisema hilo mapema. Katika harusi moja iliyofanyika Sinza, mpambaji ambaye kazi zake zilisifiwa sana mitandaoni alituma vijana ambao hawakuwahi hata kuukanyaga ukumbi ule, wageni wakasimama nje mpaka karibu saa mbili usiku huku MC akiwatuliza getini. Mpambaji mwenyewe alikuwa Mbezi kwenye shughuli nyingine. Tulipoufungua mkataba, hatukukuta mahali palipoandikwa kwamba lazima awepo.

Picha za mitandaoni zina kazi yake, lakini huonyesha meza ikiwa tayari na hazionyeshi ilikuwa tayari saa ngapi. Isitoshe, wapo wanaochukua picha za wenzao na kuzifanya zao. Mimi huomba nionyeshwe shughuli moja tu, kuanzia ukumbi ukiwa mtupu hadi wageni wanaondoka, na ikiwezekana katika ukumbi unaofanana na wetu kwa ukubwa. Mshereheshaji hafai kupimwa kwa video fupi alizozichagua mwenyewe. Omba ruhusa kwa wenye shughuli, nenda ukasimame nyuma kwa saa moja, utazame anavyofanya ratiba inapochelewa na anavyowataja wazee wa pande zote mbili. Unapotafuta ushuhuda, usiishie kwa bibi harusi. Bibi harusi hukumbuka alivyopendeza, lakini mweka hazina wa kamati yake ndiye anayekumbuka nani aliomba fedha ya nyongeza asubuhi ya shughuli.

Ukumbi nao utembelewe usiku, kukiwa na sherehe. Mchana kila ukumbi ni msafi. Usiku ndipo utakapojua kama jenereta huwaka lenyewe umeme ukikatika au mpaka mlinzi atafutwe, kama viyoyozi vinatosha watu wakijaa, na vyoo vinakuwaje kufikia saa nne. Uliza pia kama mpishi wa nje anaruhusiwa, kama kuna tozo ya kuingiza vinywaji vyenu, na mpambaji ataruhusiwa kuingia saa ngapi ikiwa Ijumaa usiku kuna shughuli ya watu wengine.

Mambo ya usajili watu huyaona kama usumbufu, ila mimi huyapa uzito. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na namba ya mlipakodi ya TRA, mamlaka ya mapato, havithibitishi kwamba mtu anajua kupika pilau. Vinathibitisha kwamba ana mahali pa kutafutwa. Jina linalojitokeza kwenye lipa namba lilingane na lililo kwenye mkataba, na kila malipo yatolewe risiti. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyakatai makubaliano ya mdomo, lakini likitokea la kutokea utathibitisha nini, wakati mlikubaliana mkiwa mmesimama kando ya gari?

Kwenye malipo ndipo kamati nyingi hukwama, kwa sababu fedha zetu ni za michango. Watu hutoa ahadi mapema, ila wengi hulipa wiki ya mwisho, na wengine hulipa wakishaona kadi. Mtoa huduma anayetaka fedha yote miezi miwili kabla ya shughuli, huyo hajajipanga na harusi za namna yetu, hata kama kazi yake ni nzuri. Utaratibu ninaouamini ni kutanguliza sehemu ya kumfungia tarehe, kulipa sehemu kubwa siku chache kabla ya shughuli, na kubakiza kama asilimia 10 ambayo hulipwa kazi ikiisha. Anayelikataa hilo fungu la mwisho mwache aeleze sababu zake. Mpishi anaweza kuwa nazo, maana lazima anunue nyama na mchele kabla. Mpambaji anayekodisha vitambaa vyake mwenyewe sijui atasema nini.

Chakula nitakisemea zaidi, kwa kuwa ndicho kinachokumbukwa mtaani. Bei ikitajwa kwa sahani, uliza sahani hiyo ina nini: nyama aina ngapi, matunda yamo au hayamo, na ndafu, kama ipo, inahesabiwa ndani au kando. Onjeni kabla ya kusaini, na kilichoonjwa kiandikwe. Idadi ya sahani itokane na kadi, mkikumbuka kwamba kadi ya watu wawili ni sahani mbili, kisha muongeze madereva, wapiga matarumbeta, wapiga picha na DJ, ambao husahauliwa kila mara na baadaye huonekana wakizunguka jikoni. Siku yenyewe awepo mtu wa kamati wa kuhesabu sahani kabla bufee haijafunguliwa. Kwetu kazi hiyo hupewa shangazi asiyeona haya kuhesabu mara ya pili mbele ya mpishi.

Halafu kuna suala la ndugu. Katika kila kamati yupo mjumbe ambaye shemeji yake ana muziki au jirani yake anaoka keki, na kukataa huonekana kama dharau. Msimamo wangu ni kwamba ndugu aalikwe kama mgeni, ale, acheze. Akitaka kazi, alete ankara kama wengine na asaini mkataba uleule, kwa sababu mtu ambaye hamuwezi kumdai mbele ya wazee hamuwezi kumsimamia. Sambamba na hilo, bei isipokelewe kupitia mtu wa kati. Wajumbe wawili waende pamoja kwa mtoa huduma, waisikie bei kwa masikio yao, na ankara ije moja kwa moja kwa mweka hazina. Nimeona bei ya ukumbi ikipanda njiani kabla ya kufika kwenye kikao, na wote tuliokuwa kwenye kile chumba tulijua kwamba mtu ameweka cha juu.

Huduma ya picha na video hutofautiana na nyingine zote, kwa sababu kazi yake huisha baada ya sherehe. Mkataba utaje idadi ya wapiga picha, tarehe ya kukabidhi albamu na video, na haki ya maharusi kunakiliwa picha zote kwenye diski yao ndani ya wiki ya kwanza, hata kabla hazijasafishwa. Hapa ninabakiza zaidi ya asilimia 10. Tena fedha hiyo isibaki kwa mweka hazina, kwa kuwa kamati huvunjwa wiki chache baada ya harusi na kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Ikabidhiwe kwa maandishi kwa dada au kaka wa bwana harusi, pamoja na nakala ya mkataba, naye asiitoe mpaka albamu iwe mkononi.