Mbao za nyumba za zamani: namna ya kuijua mninga, mkongo na mvule kabla hujatoa hela

Wakuu, hii nawaandikia nyie mnaoanza kununua mbao za zamani, hasa mlioko huku kwetu Mtwara na Lindi, maana naona nyumba za zamani zinabomolewa na vijana wengi wanakimbilia miimo ya milango na boriti ili watengeneze stuli, vibao vya kukatia, mbuzi za kukunia nazi, vitu kama hivo. Mimi mchana nina kazi nyingine, mbao nazishika jioni na jumapili, na nilivoanza hakuna aliyenikalisha chini kunielekeza, nimejifunza kwa kuharibu.

La kwanza kabisa, usiamini rangi ya nje na usiamini jina analokutajia muuzaji. Mbao ikikaa juani miaka mingi inakuwa kijivu tu, iwe mninga, iwe mvule, iwe paini, na iliyokaa jikoni kwenye moshi inakuwa nyeusi mtu anakwambia mpingo huo. Na majina yenyewe yanahama, huku sisi tunasema mkongo, sehemu nyingine za pwani watakwambia mbambakofi, mnaweza kubishana nusu saa kumbe mti ni huohuo.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua miimo minne pale Mikindani, imepakwa rangi ya mafuta ya bluu tabaka juu ya tabaka, muuzaji anasema mninga mtupu, na mimi nikalipa bei ya mninga bila hata kuinyanyua mmoja mmoja. Nyumbani nikaranda upande mmoja tu kwa haraka, nikaunga meza, nikapiga vanishi ya giza. Mvua za mwaka huo zilivokolea meza ikafunguka kwenye maungio, mpasuko unaingia kidole. Nilivoivunja ndo nikaona vizuri, miwili ilikuwa mkongo na miwili paini, hakuna mninga hata mmoja, na zile mbao mbili tofauti zinakunywa unyevu na kuvimba kila moja kwa namna yake, gundi haiwezi kuzishikilia. Ningenyanyua tu kwa mikono miwili ningejua, paini ni nyepesi mno ukiilinganisha na mkongo.

Kwahiyo sasa nikienda kuangalia mbao nabeba patasi kali, chupa ya maji, simu, na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Namuomba mwenye mzigo anikubalie nikate kichwa cha mbao, yaani ile ncha ya mwisho inayoonesha nyuzi zilivokatwa, kidogo tu upande ambao hata hivo utakuja kukatwa. Akikataa kabisa mi naondoka. Kile kichwa unakikwangua kwa patasi mpaka kinang'aa, unakilowesha, afu unapiga picha kwa simu kwa karibu na kuikuza. Hapo ndo mti unasema ukweli. Paini haina vile vitundu vya mirija ya maji ya mti, unaona zaidi mistari ya miaka. Mnazi hauna hata hiyo mistari, unaona vidoti vyeusi vimetapakaa kama umenyunyizia pilipili manga. Mkongo kila kitundu kimezungukwa na weupe kama jicho, na mara nyingi ndani ya vitundu kuna unga wa njano, ukipangusa na kitambaa kibichi kinaweza kubaki na doa la njano. Mtiki una mstari wa vitundu vikubwa pale mwaka mpya wa mti unapoanza, na ukiushika una mafutamafuta na harufu kama ngozi. Mvule una mistari ya weupe inayopinda kama mawimbi, rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, na wakati mwingine ndani unakuta jiwe jeupe gumu kabisa, ni chokaa mti wenyewe umeitengeneza, bledi ya randa ikigonga pale imekwisha. Mninga ukiufunua unakuta kahawia yenye wekundu na michirizi ya giza, weupe wake wa nje ni wa njanonjano umeachana kabisa na moyo, na vumbi lake linawasha pua.

Sasa uzito. Hii naipenda kuliko zote kwasababu haina kubishana. Kata kipande kikavu, kipime kwa sentimita, zidisha urefu kwa upana kwa unene, afu kiweke kwenye mizani ndogo ya jikoni, gramu gawanya kwa hizo sentimita. Mfano kipande cha 10 kwa 5 kwa 4 ni sentimita za ujazo 200. Kipande hicho kikiwa paini kitakupa gramu kama 90 mpaka 100, ukigawanya ni 0.45 mpaka 0.5. Mninga kama 130. Mkongo 150 mpaka 165 hivi. Mpingo 240 na zaidi, huo ukiutia kwenye ndoo unazama moja kwa moja. Ila msije mkasema nimewadanganya, mvule nao uko kwenye hiyohiyo 130, kwahiyo mizani inakusaidia kuondoa ambazo siyo, kuchagua iliyobaki unarudi kwenye kichwa cha mbao. Na mti wa aina moja nao hauko sawasawa, uliokulia mwambani siyo sawa na uliokulia bondeni, usishangae gramu kumi huku na huku. Kipande kikiwa kibichi ndo kabisa hesabu haifai.

Mpingo nauongelea kidogo maana unaibiwa sana jina. Babu mmoja mchongaji wa Kimakonde alinionesha, mpingo wa kweli ule weupe wa nje unakutana na weusi ghafla, na weusi wenyewe ukiukwangua kwa kisu unaona uzambarau kwa mbali. Kuna watu wanapaka dawa ya viatu kwenye mti mwingine, ukikwangua tu unakuta weupe chini. Kwa wachongaji unaweza kupata mabaki ya vipande vidogo, yanafaa sana mishikio ya visu na vishikizo vya droo, msiyadharau.

Boriti za mikoko za nyumba za zamani zinajulikana haraka, ni za duara, nzito karibu na kuzama, nyekundu ndani, na mara nyingi haziendi mbali zaidi ya mita tatu, ndo maana vyumba vya nyumba zile vilikuwa vyembamba, upana uliamuliwa na boriti. Kuzipasua ni kazi, mi naziacha duara natengenezea miguu ya benchi.

Misumari jamani. Piteni na sumaku pande zote nne, taratibu, afu rudieni tena. Ukiona doa la bluu nyeusi kwenye mbao hata kama hamna tundu, chimba, kuna chuma kimelala humo, maana miti yenye dawa nyingi ya asili (tanini) ikikutana na chuma na unyevu inatoa rangi hiyo. Msumari uliozama usiuvute na koleo kutoka juu, utang'oa na mbao, upige kutoka upande wa pili utokeze kichwa kwanza. Nilishapeleka ubao kwenye mashine ya kuranda ya fundi wa mtaani nikamuhakikishia ni safi, blade zake zote zikapigwa meno na nililipa mimi, na ilikuwa haki.

Mbao za mashua zilizovunjwa ni nzuri kupita maelezo, yale mataruma (mbavu za mashua) yaliyopinda yenyewe huyapati dukani, ila zina chumvi. Ukizileta ndani na kupiga vanishi siku ya unyevu zinatoa jasho na vanishi inabanduka. Zioshe kwa maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, mara nyingi, wiki kadhaa, afu zikaushe kivulini. Kivulini nasema, jua la Mtwara linapasua. Na mbao yoyote iliyotoka bara, Liwale au Masasi huko, iache ndani ya chumba utakachoitumia wiki mbili tatu kabla hujapima chochote.

Vya kuogopa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, msipige msasa mkavu wala kuchoma, kwangueni ikiwa imeloweshwa na vaeni barakoa. Nguzo za umeme zilizotupwa zina dawa, nyeusi yenye harufu ya lami au kijani kibichi, msitengenezee mwiko wala kibao cha kukatia na msizitie jikoni kama kuni, moshi wake ni sumu. Kwa vyombo vya chakula mi natumia mwembe au mkongo uliokuwa ndani ya nyumba ambao najua ulikotoka.

Kusafirisha, hapa watu wanaumia bure. Mazao ya misitu barabarani yanatakiwa hati, kwahiyo hata kama ni milango ya bibi yako, omba barua ya aliyekuuzia na kupitia serikali ya mtaa, afu pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize kabla gari halijapakiwa. Na ukifikiria kutuma mbao nje ya nchi, mpingo umewekwa kwenye udhibiti wa kimataifa tangu 2017, mninga na mkongo tangu 2023, unahitaji kibali.

Mwisho nianzishieni kitu kimoja leo hiihii, sanduku la vipande. Kila mti mnaoujua kwa hakika, mmeuona umesimama au mmepewa na mtu aliyeukata, kateni kipande cha 10 kwa 5 kwa 4, ng'arisheni kichwa, andikeni kwa kalamu jina, umetoka wapi, gramu ngapi. Langu lina vipande 14 na viwili bado vimeandikwa alama ya kuuliza, kimoja nimekitoa kwenye kizingiti cha Kilwa Kivinje, chekundu, gramu 190, kina harufu tamu ukikikata. Mwenye kuujua mti huo aniambie.