Maswali Yenu: Kuketi Kwenye Jopo la Mashabiki wa Tamthilia za Kisayansi

Nilipoandika kwamba makongamano ya mtandaoni ya mashabiki wa tamthilia za kisayansi, zile hadithi za kubuni za sayari na vyombo vya angani, yametufungulia mlango sisi tusio na nauli wala viza, na kwamba mtu aanze na majopo ya mashabiki wenyewe kabla ya kukimbilia ya waigizaji, maswali yalimiminika. Nimechagua haya.

“Jopo la mashabiki lina faida gani? Watu hawakuigiza, hawakuandika, watazungumza nini saa nzima?” (Msomaji, Morogoro)

Watazungumza walichokiona. Wanne au watano hupewa mada moja, mmoja anaongoza, na dakika za mwisho ni za wasikilizaji. Mwigizaji atakusimulia siku zake za kurekodi, na ni raha kumsikia. Lakini aliyeitazama episodi moja mara kumi ameona vitu ambavyo mwigizaji amekwisha kuvisahau.

Tena mashabiki ndio wanaozibeba tamthilia hizi zinapoangushwa. Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, ilisimamishwa mwaka 1969 baada ya misimu mitatu. Januari 1972 mashabiki wakaandaa kongamano katika hoteli moja New York wakitarajia watu mia kadhaa, wakaja maelfu. Msimu mpya haukuwapo. Walikuwa na episodi 79 za zamani, nazo ziliwatosha kwa mazungumzo.

“Kaka, ratiba iliandika 10:00. Nikaingia saa nne asubuhi, sikukuta mtu. Nilikosea wapi?” (Msomaji, Mombasa)

Pole sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuukosa mjadala niliousubiri wiki mbili kwa kosa hilohilo, na uliniuma. Sisi tuna mafundo mawili ya kufungua. La kwanza ni saa za nchi ya waandaaji. La pili ni saa yetu ya Kiswahili inayoanza kuhesabu jua linapochomoza.

Chukua mfano wa Worldcon, kongamano la dunia la mashabiki hawa, ya 2020, iliyopangwa kufanyika Wellington, New Zealand, ikahamia mtandaoni kwa sababu ya korona. Ilianza Julai 29 hadi Agosti 2. Wakati huo Wellington iko mbele yetu kwa saa tisa. Jopo la saa nne asubuhi kwao ni saa saba usiku Mombasa na Dar es Salaam, na usiku huo ni ule uliotangulia alfajiri ya tarehe yao. Los Angeles ni kinyume: Julai tunaitangulia kwa saa kumi, kwa hiyo saa nne yao ya asubuhi ni saa mbili yetu ya usiku. Ila Wamarekani husogeza saa zao, na ikifika Januari tofauti inakuwa saa kumi na moja. Waingereza nao husogeza: kiangazi tofauti ni saa mbili, majira ya baridi ni tatu. Wasomaji wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi watoe saa moja katika kila saa ya kwetu niliyoitaja. Wa Muscat waongeze moja.

Mkikumbushana kwenye kundi la WhatsApp, msiandike “saa nne” peke yake. Andikeni “saa nne usiku, yaani 22:00, Jumamosi”. Siku ni muhimu kama saa.

“Nimebuni kisa kizuri cha kuendeleza tamthilia ninayoipenda, na mwandishi wake atakuwepo. Naweza kumsimulia wakati wa maswali?” (Msomaji, Kampala)

Nakuomba usifanye hivyo, hata kama kisa chako ni kizuri kweli. J. Michael Straczynski, aliyeanzisha tamthilia ya angani ya Babylon 5, alikuwa akizungumza na mashabiki mtandaoni miaka ya 1990, wakati waandishi wachache sana walifanya hivyo. Shabiki mmoja akaandika wazo lililofanana na kisa ambacho Straczynski alikuwa nacho tayari. Kisa kikawekwa kando mpaka shabiki alipokubali kwa maandishi kwamba hana dai lolote. Ndicho kilichokuja kuwa episodi “Passing Through Gethsemane” katika msimu wa tatu. Shabiki hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini mwandishi akishasikia wazo lako, kesho anaweza kushtakiwa kwa kuiba alichobuni mwenyewe.

Muulize kuhusu kilichokwisha kuonyeshwa. Kisa chako kiandike, kipeleke kwenye jopo la mashabiki wanaotunga. Huko watakipokea kwa mikono miwili.

“Shikamoo. Nina miaka 19, nasoma Tanga. Wengine wanajua kila kitu tangu utotoni. Mimi nitachangia nini?” (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Una kitu ambacho wengi wao hawana, nacho ni lugha yako.

Nichelle Nichols, aliyeigiza kama Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika Star Trek, alisimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu kiitwacho Uhuru, na kwamba jina la mhusika wake lilitokana na neno hilo, likalainishwa mwishoni. Episodi ya kwanza kurushwa Marekani, “The Man Trap”, ilionyeshwa Septemba 8, 1966. Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru, Tanganyika haijatimiza mitano. Humo kiumbe anayejigeuza sura anamjia Uhura kama mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika “The Changeling”, Uhura anafutiwa kumbukumbu, anafundishwa upya kusoma Kiingereza, anakwama, na lugha inayomtoka ni Kiswahili. Jina lake la kwanza, Nyota, lilizunguka vitabuni miaka mingi kabla ya kutamkwa kwenye filamu ya Star Trek ya 2009. Na Strange New Worlds, tamthilia ya karibuni ya Star Trek, ikaja kusema kwao ni Kenya.

Sasa fikiria jopo linalomjadili Uhura bila mtu hata mmoja aliyekua akisikia neno uhuru kwenye sherehe za Desemba, au mwenye shangazi anayeitwa Nyota. Wewe unaweza kuwaambia Kiswahili kile kinasikikaje masikioni mwa mtu wa Tanga, wapi kinateleza, wapi kinagusa. Unaweza kuuliza kwa nini mhusika huyu alikaa miongo minne bila jina la kwanza kwenye skrini. Mimi ningekesha kukusikiliza. Jaza fomu ya kuomba kuwa mwanajopo, na pale panapouliza sifa zako, andika hayo.

“Msimu mpya bado haujatufikia. Nikiingia watanimalizia uhondo?” (Msomaji, Nairobi)

Inawezekana. Soma maelezo ya jopo. Waandaaji makini hutaja mjadala utafika msimu wa ngapi. Wasipotaja, waandikie mapema. Na wewe uliyemaliza, usimwage siri kwenye chati ya jopo lisilohusu msimu huo.

“Bando langu dogo, Kiingereza changu cha kuungaunga.” (Msomaji, Kigoma)

Zima kamera na upunguze ubora wa picha. Sauti pekee hula bando kidogo sana. Swali liandike kabla mjadala haujaanza, sentensi mbili tu, ulinakili kwenye chati mwongozaji anapofungua maswali. Yeye ndiye atakayelisoma kwa sauti. Majopo mengine hurekodiwa na kuachwa siku kadhaa kwa waliojiandikisha, kwa hiyo laini ikikatika katikati, rudi kesho yake uangalie.